Kababu za kuku za kuoka, mboga zimefichwa ndani: tupeane uzoefu

Mama Kulwa

Salaam wana jamvi. Nina mapacha wa miaka minne. Kulwa anakula kila kitu, mpaka visivyoliwa. Doto akiona jani la kijani kwenye sahani analinyofoa kwa vidole viwili kama anatoa mdudu, analiweka ukingoni mwa meza, ndipo anaendelea kula. Mchicha nimeupika kwa nazi, kwa karanga, nimeukoroga na mayai. Wapi! Lakini mletee kababu, atakula mpaka uogope.

Nikasema basi, mboga ziingie humohumo. Na kwa vile baba yao ameambiwa hospitali apunguze mafuta, nikaamua nioke, karai lipumzike. Kuku nilimchagua kwa sababu moja tu, ndiye aliyekuwepo kwenye friza.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Nusu kilo ya kidari, karoti mbili, hoho, kitunguu na fungu zima la mchicha, vyote vibichi, nikavisaga pamoja kwenye blenda. Ukatoka uji. Nikaongeza unga wa ngano, bado uji, nikaongeza tena. Zilipotoka kwenye ovena zilikuwa zinaelea kwenye maji yao: chini zimechemka, juu zimekauka, katikati zinanata kama andazi bichi. Kulwa alikula tatu. Nimeshasema huyo anakula chochote.

Tatizo lilikuwa maji, nikaanza kupambana nayo. Sasa hivi karoti na mung'unye nazikwaruza kwenye matundu madogo ya greta, natia chumvi kiduchu, naacha dakika kumi, nakamua kwa kitambaa safi. Mchicha nauchovya kwenye maji yanayochemka, natoa, nakamua mpaka fungu zima linabaki kidonge kisichozidi ngumi ya mtoto, ndipo nakatakata. Kitunguu nakikaanga kwanza kwa kijiko kimoja cha mafuta, maana kikiwa kibichi nacho kinatoa maji yake baadaye. Kwa nusu kilo ya kuku naweka kikombe kimoja cha mboga zilizokwisha kukamuliwa. Ukizidisha hapo zinapasuka. Yai moja, slesi mbili za mkate nilizozichambua chenga, tangawizi, kitunguu saumu, binzari nyembamba, pilipili manga, giligilani. Naviringa ukubwa wa ndimu ndogo, napaka mafuta juu kwa brashi, moto nyuzi 200, kama dakika 20, nageuza mara moja tu.

Zinashika na zinaliwa. Ila bado hazina ule weusiweusi mtamu wa kababu ya kwenye karai. Leteni uzoefu wenu, waliofanikiwa na walioharibu.

Bint Vuga

Nianze mimi niliyeharibu. Kwetu Unguja mama anaziita hizo kababu za mgonjwa. Lakini Ramadhani iliyopita nilitazama meza ya futari: sambusa mafuta, katlesi mafuta, bajia mafuta. Nikasema leo treya moja iende kwenye ovena. Nikamficha bitiruti ndani, kwa kuwa nilikuwa naye na nilidhani nina akili.

Bitiruti hafichiki, jamani. Kababu zimeiva vizuri, mama mkwe akaipasua moja, ndani waridi tupu. Akairudisha sahanini polepole, akanitazama, akasema, "Mwanangu, huyu kuku bado yu hai." Nikampasulia ya pili, ya tatu, nikamweleza ni bitiruti. Akaniuliza, "Na kama ni bitiruti, mbona hukumtia kwenye saladi tukamuona?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi natumia boga la kuchemsha lililopondwa na kukaushwa kidogo juu ya moto. Rangi yake inafanana na manjano, hakuna anayeuliza. Na boga linashika, mkate unaupunguza.

Mpishi wa Zamu

Mama mkwe wako ana haki ya kuogopa, ila kipimo chake ndicho kibaya. Nimepika jikoni kwa watu wengi miaka kadhaa, na rangi imeshanidanganya pande zote mbili. Kuku wa kusaga anaweza kuonekana mweupe naye hajaiva, na anaweza kuwa na uwaridi naye ameiva. Chukua kipimajoto cha chakula, chomeka katikati ya kababu kubwa kuliko zote: kikisoma nyuzi 74, toa. Kidari kikiendelea kupikwa baada ya hapo kinageuka sifongo kavu.

Wengi wanasahau kwamba mnofu mzima wa ng'ombe una vijidudu zaidi kwa nje, ila ukishasaga, cha nje kimeingia ndani. Kwa kuku ndiyo usicheze kabisa, salmonela anampenda. Usionje mchanganyiko mbichi kuangalia chumvi, hata kwa ncha ya ulimi. Kaanga kipande kama sarafu, onja hicho, kisha rekebisha. Na kuku msimwoshe kwenye sinki maji yakaruka mpaka kwenye vikombe.

Kuhusu ule weusiweusi: dakika tatu za mwisho washa moto wa juu peke yake, treya ipande karibu. Simama hapo hapo.

Baba Jesca

Sisi tusio na ovena mnatuachaje?

Mimi naoka kwa jiko la mkaa, kama tunavyooka keki mtaani. Sufuria kubwa nzito, ndani mchanga mkavu kina cha vidole viwili, juu ya mchanga sahani ya bati yenye kababu, nafunika kwa mfuniko wa bati, na makaa juu ya mfuniko. Mara ya kwanza nilijaza moto chini, juu nikaweka vijipande viwili vitatu. Zikaungua matako, juu nyeupe kama maiti. Kinyume chake ndiyo sahihi: makaa mengi juu, chini machache. Sufuria ipate moto kwanza kabla hujaweka kitu. Dakika 25 mpaka 30, na usifunuefunue, kila ukifunua unaanza upya.

Jesca hajui kama mle ndani mna kabichi. Mke wangu pia hajui, na yeye ndiye mkorofi zaidi kwa kabichi.

Bint Vuga

Baba Jesca na kabichi haina harufu ikiiva?

Baba Jesca

Inayo. Ndiyo maana tangawizi ni nyingi.

Kaskazi wa Leicester

Huku Uingereza bata mzinga wa kusaga anauzwa tayari kwenye pakiti, imeandikwa asilimia ya mafuta. Nilikuwa nachukua ile ya kidari, mafuta asilimia mbili, najisifu kwa afya. Watoto walikuwa wanatafuna kama wanatafuna kadibodi. Nikahamia ya mapaja, asilimia saba, mambo yakabadilika. Ukiwa umeshaacha kuzamisha kwenye mafuta, acha nyama yenyewe iwe na mafuta kidogo. Hata kwenu, changanyeni kidari na paja.

Mboga yangu ni uyoga. Nausaga, naukausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka maji yote yaishe na uanze kulialia. Unabaki na ladha ya nyama hasa, mtoto hawezi kuutambua. Na oti badala ya mkate, vijiko vinne vya chakula kwa nusu kilo, uziache dakika 15 zinyonye kabla ya kuviringa. Nagandisha kwenye treya kwanza zikiwa zimeachana, kisha ndiyo naziingiza mfukoni. Ukizirundika zikiwa laini utapata jiwe moja la kababu, nimelivunja kwa nyundo, sitanii.

Nyanya wa Kaloleni

Nimelea saba kwa matembele na mchunga, mchungu kama jina lake. Hakuna aliyefichiwa. Mnaficha mpaka lini? Akienda bweni nani atamfichia?

Muuguzi Mstaafu

Shikamoo nyanya. Nakuunga mkono nusu. Kababu zinamlisha tumbo, hazimfundishi ulimi. Mtoto mara nyingi anahitaji kuletewa chakula kigeni mara kumi na zaidi kabla hajakikubali, wazazi wengi wanakata tamaa ya tatu au ya nne. Kwa hiyo mfichie, sawa, lakini kijiko kimoja cha mchicha ule ule kiwe wazi kwenye sahani kila siku. Bila kumlazimisha, bila kumpigia makofi akionja. Acha ukae tu hapo kama mgeni.

Mengine mawili. Wenye watoto chini ya mwaka mmoja, toeni donge lao kabla ya chumvi, na vile vidonge vya supu msiwatilie kabisa, ni chumvi tupu. Na kababu ya mviringo msimpe mtoto mdogo nzima, ikatwe au ipondwe, inaweza kuziba koo.

Mama Kulwa

Nimerudi na ripoti. Nimechanganya kidari na paja, uyoga nimeupata, moto wa juu dakika tatu za mwisho. Mpishi wa Zamu, Mungu akubariki, zimepata weusi. Mume wangu kauliza nimezikaanga lini.

Nyanya, umesema kweli na mimi nimeumbuka. Juzi Doto aliingia jikoni akanikuta nakamua mchicha. Nikaganda. Badala ya kulia akataka kukamua yeye, akafurahia yale maji ya kijani yanavyopita vidoleni. Tukaviringa pamoja, zake zina pembe nne, sijui kwa nini. Mezani akachukua moja aliyoiviringa mwenyewe, akaigeuza, akaona kijani kimechungulia pembeni. Akakinyofoa kwa vidole viwili, akakiweka ukingoni mwa meza. Kisha akala kababu nzima, na mchicha wote uliobaki ndani.

Kile kijiko cha mchicha wa wazi leo ni siku ya tano. Jana alikinusa.

Baba Jesca

Hayo maji ya kukamua unayamwaga?

Mama Kulwa

Ya karoti na mung'unye napikia wali. Ya mchicha Doto anapikia udongo huko nje.