Naomba ushauri: simulizi ya Brooklyn Dodgers wa 1955 niianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Naandaa simulizi ya besiboli kwa Kiswahili, kuhusu msimu wa 1955 wa Brooklyn Dodgers, timu ya Marekani aliyochezea Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa rangi kwenye ligi kuu. Ligi walianza kwa kushinda mechi 10 mfululizo, ila kinachonisumbua ni fainali. Wapinzani wao, New York Yankees, walikuwa wameshawaliza kwenye fainali 5 tangu 1941! Mechi ya saba ya fainali ya 1955, ya kuamua bingwa, Oktoba 4, Sandy Amorós wa Dodgers anakimbia hadi pembeni kabisa mwa uwanja, ananyoosha mkono wa kulia wenye glavu, mpira uliopigwa na Yankees unatua humo. Johnny Podres, aliyekuwa akiwarushia mpira wapigaji wa Yankees, akamaliza kazi, Dodgers wakashinda 2-0. Hapo mwili wote hunisisimka.

Je, nianze na mpira huo uliodakwa, au kwanza niwapitishe wasikilizaji kwenye machungu ya miaka yote ile? Na Podres nimwite mrushaji tu, wataelewa? Nisaidieni jamani.