Klabu yangu haijapeleka kodi ya mishahara: nilipie tiketi za msimu ujao au nisubiri?

Baba Zulfa (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo ya walioko Uingereza na wanaofahamu mambo ya fedha za vilabu.

Nipo mji mmoja wa kaskazini, mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Nilipofika sikuwa na mtu. Jirani yangu, mzee wa Kiingereza, alinichukua Jumamosi moja akanipeleka uwanjani, na tangu siku ile sijaacha kwenda. Binti yangu ana miaka tisa. Tunakaa jukwaa la familia, safu ya tatu kutoka chini, na wanaokaa mbele yetu wote wanamjua kwa jina. Klabu yenyewe sitaitaja, kwa sababu kuna watu wanakula mkate wao pale.

Wiki iliyopita imetoka habari kwamba mamlaka ya kodi ya huku, HMRC, imepeleka ombi mahakamani klabu ifilisiwe kwa sababu ya kodi ya mishahara na VAT ambayo haijapelekwa. Uongozi umetoa taarifa ya mistari minne kwamba mambo yanashughulikiwa. Lakini mimi dalili nimeziona tangu Oktoba. Kibanda cha chai chini ya jukwaa letu hakipokei tena kadi, mashine imeondolewa, na mama anayeuza anaandika mauzo kwa kalamu kwenye daftari la shule. Taa mbili za ngazi ya kutokea zimeungua tangu kabla ya Krismasi. Mechi za usiku tunashuka kwa tochi ya simu, mkono mmoja simu, mkono mwingine mtoto. Halafu mama wa dirisha la tiketi, ambaye alikuwepo pale kabla sijafika nchi hii, ameninong'oneza kwamba mshahara wa Januari umeingia tarehe 6 Februari. Kwenye hati yake ya mshahara kodi imekatwa kama kawaida. Sasa hiyo iliyokatwa imekwenda wapi?

Maswali yangu ni mawili. Deni la kodi linaweza kweli kuiua klabu? Na la pili: tiketi za msimu ujao zinauzwa kwa bei ya mapema mpaka tarehe 31. Yangu na ya mtoto ni pauni 410. Nikilipa nitakuwa nasaidia, au natupa?

Nyumbani mimi ni Yanga tangu enzi za babu. Kule klabu ikiyumba, mwanachama ana kadi yake, anasimama mkutano mkuu anasema yanayomkera. Hapa sina pa kusemea, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

---

Mtanga wa Fratton

Baba Zulfa, pole sana ndugu yangu. Nimesoma habari ya daftari la shule nikakumbuka mbali.

Mimi naishi Portsmouth tangu 2006, naendesha basi. Mei 17, 2008, Kanu alifunga bao moja pale Wembley tukawafunga Cardiff tukachukua Kombe la FA. Kesho yake mji mzima ulihamia uwanja wa wazi wa Southsea, baharini. Nililia. Mtu mweusi mwenzangu ametupa kombe, nimezungukwa na Wazungu wananikumbatia. Novemba mwaka huohuo AC Milan walikuja Fratton Park, uwanja wa watu elfu ishirini wenye nguzo zinazokuziba goli ukikaa vibaya, tukatoka nao 2-2. Nani angekuambia kwamba kuna tatizo?

Tatizo lilikuwepo tangu hapo. Msimu wa 2007/08 mishahara ilimeza zaidi ya robo tatu ya mapato yote ya klabu. Uwanja mdogo, mishahara ya timu kubwa, pengo linazibwa na mfuko wa tajiri. Tajiri alipoacha kutoa, wachezaji wakaanza kuuzwa: Diarra, Defoe, Crouch, Glen Johnson. Msimu wa 2009/10 tulikuwa na wamiliki wanne. Wanne, mkuu, ndani ya msimu mmoja! Mishahara ikawa inachelewa, HMRC ikaenda mahakamani, na Februari 26, 2010 tukawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu ya England kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, yaani mtu wa nje anayeshika klabu iliyoshindwa kulipa madeni. Tulikatwa pointi tisa. Mwezi wa tatu wafanyakazi 85 waliachishwa kazi. Hao hawakuwa wachezaji. Walikuwa watu wa ofisini, watu wa aina ya huyo mama wako wa dirishani.

Orodha ya wadai ilipotoka niliisoma yote usiku mmoja. Kuna mabenki humo, kuna mawakala, kuna HMRC na mamilioni yake. Halafu kati yao nikakuta St John Ambulance, wale wa kujitolea wanaosimama pembeni ya uwanja na machela, wanadai takriban pauni 2,700. Ile namba ndiyo iliyonivunja. Mchezaji wa Ligi Kuu analipwa zaidi ya hiyo kwa siku moja. Na kwa utaratibu wa soka la England, wachezaji na vilabu vingine hulipwa madai yao yote, wadai wa kawaida wanagawana kinachobaki. Mpango uliopitishwa uliwaahidi peni 20 kwa kila pauni. HMRC waliupinga mpaka mahakamani wakashindwa. Siku zile nilishangilia wakishindwa. Leo sishangilii, maana ile ni pesa ya hospitali alipozaliwa mwanangu.

Februari 2012 tukaingia tena kwenye usimamizi, mara ya pili ndani ya miaka miwili. Kufika 2013 tulikuwa daraja la nne.

Sasa nisikilize hapa, maana ndiyo sababu ya kukuandikia. Klabu yetu iliokolewa na watu kama wewe. Kulikuwa na chama cha mashabiki, Pompey Supporters' Trust. Hisa moja ilikuwa pauni 1,000. Mimi sikuwa nayo, dereva wa basi ataitoa wapi? Tukachanga watu kumi gereji, pauni mia mia, tukanunua moja kwa pamoja. Aprili 19, 2013 klabu ikawa yetu. Mwaka uliofuata tukatangaza hatuna deni, na 2017 tulibeba ubingwa wa daraja la nne tukiwa bado ndio wenye mali, kabla ya wanahisa kupiga kura kumuuzia Michael Eisner, tajiri wa Kimarekani. Kwenye kura ile nilisema hapana. Nilishindwa, nikakubali, lakini niliulizwa.

Kosa letu ni kwamba tulianza kujipanga kwa nguvu wakati nyumba inawaka. Angalia kama kwenu kuna chama cha mashabiki chenye usajili. Kama kipo, jiunge wiki hii. Kama hakipo, anzeni na hao wanaokaa safu ya mbele yenu wanaolijua jina la Zulfa.

---

Dada Mhasibu

Mtanga ameeleza kutoka moyoni na sina cha kumpunguzia, ila kuna jambo limebadilika tangu enzi za Portsmouth, nalo ni muhimu kwako Baba Zulfa.

Mwaka 2010 HMRC ilikuwa inapanga foleni pamoja na wadai wa kawaida. Tangu Desemba 1, 2020 kodi ambazo mwajiri amezikusanya kwa niaba ya serikali, yaani VAT, kodi iliyokatwa kwenye mishahara na mchango wa mfanyakazi wa bima ya taifa, zinalipwa mbele ya wadai wa kawaida. Sababu yake ni ileile uliyouliza kuhusu hati ya mshahara. Hiyo pesa haikuwa ya klabu hata dakika moja. Ni jasho la mama wa dirishani lililopitia mikononi mwa klabu kwenda serikalini, likaishia njiani. Kazini kwangu tunafundishwa kwamba kampuni ikianza kula kodi ya mishahara, imekwishamaliza sehemu nyingine zote za kukopa, maana HMRC haiombi dhamana wala haigongi mlango wiki ya kwanza. Ndiyo maana uliona mashine ya kadi inaondoka kabla hujasikia habari ya mahakama.

Ombi la kufilisi peke yake si kifo. Vilabu vingi vimelipa siku chache kabla ya kesi na ombi likafutwa. Hatari ni tangazo: ombi likishatoka kwenye gazeti la serikali, London Gazette, benki hufunga akaunti, na hapo hata mwenye nia ya kulipa mishahara hawezi bila ruhusa ya mahakama. Tafuta kama limetoka, kusoma ni bure. Fungua pia mafaili ya klabu kwa msajili wa makampuni, Companies House, nako ni bure. Tazama vitu vitatu tu: hesabu zimechelewa kuwasilishwa? Uwanja ni mali ya klabu au umehamishiwa kampuni nyingine ya mmiliki? Na nani ameweka rehani juu ya mali? Derby County waliuza uwanja wao kwa mmiliki wao mwenyewe mwaka 2018 kwa pauni milioni 81. Septemba 2021 wakaingia kwenye usimamizi, wakapoteza pointi 21 msimu mmoja, wakashuka daraja, na suala la uwanja likawa mfupa kooni kwa kila mnunuzi aliyekuja.

Kwenye ligi za EFL, yaani madaraja matatu chini ya Ligi Kuu, kuingia kwenye usimamizi ni kukatwa pointi 12. Mnunuzi naye asipowalipa wadai wa kawaida angalau peni 25 kwa pauni wakati wa kununua, au 35 ndani ya miaka mitatu, zinakatwa nyingine 15. Kuuawa kabisa ni nadra, ila kupo. Bury, wanachama wa ligi tangu 1894, walifukuzwa Agosti 27, 2019.

Kuhusu pauni 410: ukiamua kulipa, lipa kwa kadi ya mkopo, si ya benki ya kawaida wala taslimu. Kwa sheria ya Uingereza kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 ukikilipia kwa kadi ya mkopo, kampuni ya kadi inawajibika pamoja na muuzaji. Angalizo: hiyo ni bei ya kitu kimoja kimoja, kwa hiyo kama tiketi ya mtoto iko chini ya 100 peke yake, haimo.

Na mwambie mama wa dirishani atunze hati zake zote za mshahara. Ndizo ushahidi kwamba alikatwa. Klabu ikianguka, kuna mfuko wa serikali unaolipa sehemu ya mishahara iliyobaki kwa kiwango maalumu, na ataulizwa karatasi.

---

Mngazija wa Glasgow

Naongezea moja tu kuhusu tiketi za msimu.

Hapa Glasgow, Mei 2011 Craig Whyte aliinunua Rangers kwa pauni moja. Deni la benki, pauni milioni 18, alilimaliza kwa pesa aliyopata kwa kuuza mapema mapato ya tiketi za misimu ambayo haijafika, kwa kampuni inayoitwa Ticketus. Tulikuwa tunapanga foleni uwanjani kwetu Ibrox kulipia viti ambavyo pesa yake imekwishaliwa. Kodi ya mishahara na VAT haikupelekwa, ikafika kama pauni milioni 9, na Februari 14, 2012 tukaingia kwenye usimamizi. Juni HMRC wakakataa mpango wa kulipwa kidogo, kampuni ikaenda kwa mfilisi, timu ikaanzia daraja la nne la Scotland. Mechi ya kwanza ya ligi nyumbani tulikuwa watu 49,118 dhidi ya East Stirlingshire. Nilikuwepo. Watu hawakuhama.

Kwa hiyo kabla hujalipa, ulizeni kwa barua, kama kikundi: pesa ya tiketi za msimu ujao inakaa akaunti gani, na je, imewekwa rehani? Wasipojibu, hilo nalo ni jibu.

---

Baba Zulfa

Wakuu, nimesoma yote mara mbili wakati wa mapumziko ya saa tisa usiku.

Nimeingia Companies House kwa simu. Hesabu za mwaka zilitakiwa miezi minne iliyopita, hazipo. Rehani zipo mbili, moja ya Septemba. Uwanja bado sijaelewa, Dada Mhasibu, kuna kampuni ina jina linalofanana na la klabu na mkurugenzi ni yuleyule. Nikikutumia picha ya ukurasa utanisaidia kusoma?

Chama cha mashabiki kipo. Sikuwahi kujua, miaka kumi na moja! Ada ni pauni 10 kwa mwaka, mtoto ni pauni 1. Nimetuandikisha wote wawili. Kikao ni Alhamisi, ukumbi wa kanisa karibu na kituo cha treni. Nimeomba kubadilishiwa zamu, na swali la Mngazija nimeliandika kwenye karatasi kwa Kiingereza, mzee jirani amenisahihishia na amesema tutakwenda pamoja.

Tiketi yangu ni pauni 320, ya Zulfa ni 90. Ya kwangu sitalipa mpaka barua ijibiwe, hata bei ya mapema ikinipita. Ya kwake nimelipa leo asubuhi. Najua Dada amesema haina kinga. Ila aliniuliza njiani kwenda shule kama kiti chake msimu ujao kitakuwa kilekile, nikashindwa kumwambia nasubiri mahakama.

Mama wa dirishani amenipa risiti, nikamwambia habari ya kutunza hati za mshahara. Amesema anazo zote tangu 1998, kwenye boksi la viatu.