Sado nimeibadilisha, mdomo bado. Wenzangu mnafanyaje siku za kazi?

MuuzaNafaka_Majengo ameandika:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Nauza nafaka Soko la Majengo hapa Dodoma, huu ni mwaka wa 9. Mahindi, mtama, uwele, karanga, choroko. Ni Mwanglikana, niko kwaya na umoja wa akina mama. Naandika usiku watoto wakiwa wamelala, na naomba mnisome hadi mwisho, maana swali langu liko huko.

Meza niliachiwa na mama mmoja aliyeacha biashara akarudi kwao. Aliniachia na vyombo: chekeche, turubai, debe moja na sado mbili, yale makopo ya kupimia nafaka. Sado moja kitako chake kilikuwa kimegongwa kikapanda kwa ndani. Kwa macho huoni kitu, mpaka upitishe mkono. Nilijua tangu wiki ya kwanza, nikanyamaza. Nilijiambia soko zima ndivyo lilivyo. Tena nilikuwa natoa nyongeza. Nikishammiminia mteja, nachota konzi moja juu yake na kumwambia, "Hii ya watoto, mama." Watu walinipenda kwa konzi ile. Wengine walipita meza tatu kuja kwangu. Na hilo ndilo linaloniuma kuliko sado yenyewe: nilifunika wizi kwa ukarimu, na watu wakaniita mkarimu.

Mwaka juzi kwenye funzo la Biblia tulisoma Mithali 11:1, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana." Aya hiyo naijua tangu Shule ya Jumapili. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Asubuhi nilikwenda kwa jirani mwenye mzani wenye chapa ya Wakala wa Vipimo, nikapima mahindi kwa sado zote mbili. Ile nzima ilitoa kilo 3 kasoro kidogo. Ile nyingine, kilo 2 na gramu 600. Nikaichukua nyuma ya kibanda, nikaipiga nyundo mpaka ikapasuka. Baadaye nikajichanga nikanunua mzani wangu. Faida ilipungua, ada ya mtoto mkubwa nikalipa kwa mafungu, lakini nalala.

Sasa mdomo.

Mwezi uliopita mzigo wangu wa Kibaigwa uliingia alfajiri. Kijana wa mkokoteni ninayemtumia siku zote aliteleza na gunia la choroko, likapasuka, choroko zikaingia mferejini. Nilimsemea maneno mbele ya soko zima. La mwisho lilikuwa, "Hata mama yako alikosa cha kuzaa." Watu walicheka. Yeye alipiga magoti akaanza kuokota kwa mkono, punje kwa punje, hakuniangalia. Jioni nikamkata nusu ya ujira. Na jioni hiyohiyo nilikuwa zamu ya kuongoza maombi nyumbani kwa mwenzetu, somo ni Wagalatia 5:22-23, tunda la Roho. Nilisema vizuri kuhusu upole. Waliniambia nimebarikiwa.

Siku tatu baadaye niko jikoni nasonga ugali. Mdogo akamwaga ndoo ya maji. Mnajua maji yanavyopatikana kwa shida mtaani kwetu. Nikamsikia dada yake, yuko darasa la 5, anamwambia kwa sauti yangu kabisa: "Hata mama yako alikosa cha kuzaa."

Mama yake ni mimi.

Sikumpiga, sikumkemea. Nilizima jiko nikatoka nje nikakaa.

Wapendwa, naomba msinitumie aya tu. Aya nazijua, na nazipenda. Sado niliimaliza asubuhi moja kwa nyundo. Mdomo hauna nyundo. Nataka kusikia kutoka kwa mtu ambaye alikuwa mkali akawa mpole kweli, ulifanya nini Jumanne saa 3 asubuhi ukiwa kazini, watu wamekuzunguka? Na yule kijana, nifanyeje?

---

Mwombaji_Ipagala:

Amina dada. Hiyo si tabia, ni roho ya hasira imeshika ukoo. Funga siku 3 kavu, tafuta watumishi wakuombee, itatoka. Mimi nimeona watu wakifunguliwa.

---

MuuzaNafaka_Majengo:

Asante mpendwa, na maombi siyakatai, endelea kuniombea. Kufunga nimefunga, zaidi ya mara moja. Siku ya kufunga nakuwa mpole mpaka saa 4, halafu njaa inanishika na ninakuwa mkali kuliko siku nyingine. Ndiyo maana nauliza na la kufanya mchana.

---

Mstaafu_Mvumi:

Mbukwenyi nyote. Binti yangu, nimekusoma mara mbili.

Nilifundisha shule ya msingi miaka 34. Nilikuwa mkali, na enzi zetu mwalimu mkali alisifiwa, kwa hiyo hakuna aliyeniambia kitu. Nilijua mwenyewe siku niliposikia watoto wanaacha kucheka nikikaribia dirisha. Ulichouliza, nilifanya nini: nilianza kuketi. Mtoto akikosea, kabla sijafungua kinywa, natafuta kiti, nakaa. Mtu aliyeketi hapazi sauti kirahisi, jaribu utaona. Yakobo anasema tusiwe wepesi wa kusema wala kukasirika, na mimi wepesi wangu ulikuwa miguuni: nilikuwa namfikia mtoto kabla akili haijafika. Mwaka wa kwanza nilikumbuka kuketi labda siku moja kati ya tano. Usihesabu zile nne.

Kuhusu kijana. Baba yangu alikuwa mtu wa uamsho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki na kutufikia hata sisi Ugogo. Walisema "kutembea nuruni", wakiishika 1 Yohana 1:7. Kabla ya kuokoka, baba alimsingizia kijana aliyetuchungia mifugo kwamba ameuza mbuzi. Alimtukana kisimani, watu wamejaa. Mbuzi alipatikana baadaye. Baba alipoamua kutengeneza, mama alimshauri aende usiku nyumbani kwa kijana, waongee taratibu. Alikataa. Alingoja siku ya kunywesha, watu wale wale wamekusanyika, akasema palepale. Nilikuwa mdogo, nimeshika kamba ya ndama, nikaona aibu sana. Aliniambia tukirudi, "Uliyemvua nguo hadharani usimvishe gizani."

Na nikuambie jambo la sado, hukuliuliza lakini limenigusa. Bibi yangu alikuwa msichana wakati wa Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipobeba ng'ombe na nafaka za watu, na mvua nayo ikakata. Maisha yake yote alipima uwele kwa kibuyu. Akishajaza, alikipiga kibuyu ubavuni kwa kiganja, punje zishuke, kisha akajaza tena pale palipopungua. Hata kwa mtu aliyekuja kuomba bure. Hakuhubiri juu ya hilo. Sisi wajukuu tukipima kitu tunapiga kibuyu, na wengine hawajui kwa nini.

---

Mkulima_Bihawana:

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nalima zabibu.

Mama, kuna mahali sikubaliani nawe. Unasema sado uliimaliza asubuhi moja. Hapana. Uliijua tangu wiki ya kwanza, ukaibeba miaka. Asubuhi ile ulivuna kitu kilichokuwa kinakuuma muda mrefu. Kwa hiyo usiuone mdomo kama umeshindikana kwa kuwa haujabadilika kwa mwezi.

Sisi huku tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila baada ya mavuno tunapogoa. Mgeni akipita siku hiyo anadhani tumeharibu shamba, vimebaki visiki. Na mahali palipokatwa mzabibu unatoa maji, tunasema unalia. Ukiuonea huruma ukaacha matawi yote, majani yanajazana, hewa haipiti, ugonjwa wa ubwiri unga unaingia na vichala vinaharibika vikiwa vichanga. Mimi sijui kutengeneza zabibu hata moja. Hiyo ni kazi ya Mungu. Lakini mkasi niko nao mimi, na tarehe ya kupogoa naijua mimi. Nikisoma Yohana 15 ndivyo ninavyoelewa, na Paulo kwa Wafilipi naye anayaweka pamoja: utimizeni wokovu wenu, kwa maana Mungu ndiye atendaye kazi ndani yenu.

Ninalofanya: usiku kabla ya kulala, natafiti dhamiri. Zamani nilikuwa nauliza, "Leo nilikasirika?" Jibu ni ndiyo, natubu, nalala, kesho yale yale. Padre mmoja alinifundisha kuuliza vingine: saa ngapi, nikiwa na nani, na kabla yake kulikuwa na nini. Niliandika kwenye daftari la dawa za shamba kwa wiki sita. Nikagundua kwamba ugomvi wote na mke wangu ulitokea siku ambazo mnunuzi ameshusha bei. Siku moja haikukosekana. Mke wangu alikuwa analipia bei ya zabibu. Tangu hapo nikitoka kwa mnunuzi siingii ndani moja kwa moja. Napita kwenye mizabibu kwanza, natembea mistari miwili mitatu, nasali fungu moja la rozari, halafu naingia.

Angalia yako. Alfajiri mzigo umeingia, umekula? Una deni la lori? Sisemi hiyo ni kisingizio. Nasema ujue mlango ambao hasira inaingilia.

---

Dereva_Nkuhungu:

Shikamoo mama. Sijui kuandika vizuri kama wazee hapo juu.

Mimi sasa naendesha bodaboda, ila miaka minne nilisukuma mkokoteni sokoni, soko lingine sio lako. Naomba niseme upande wa yule kijana.

Matusi tunazoea. Siku ile anaweza akawa amecheka na wenzake jioni. Kinachobaki ni kile kitu cha mama. Mimi mama yangu alishafariki wakati nasukuma mkokoteni, na kuna mtu alinitamkia hivyohivyo. Sikumjibu kwa sababu kesho nilihitaji kazi yake. Nilibeba mizigo yake mwaka mzima, na kila gunia nililokuwa nabeba nilikuwa namkumbuka marehemu. Yeye alishasahau siku ileile.

Ukienda kwake mama, usianze na hela. Ukimpa hela kwanza ataona unanunua. Ujira uliomkata mrudishie, ni haki yake, hata Biblia imekataza mshahara wa kibarua kulala kwako usiku. Lakini iwe siku hiyo ni deni unalipa, isiitwe zawadi. Neno la msamaha liwe peke yake. Na mwite jina lake. Hapo kwenye maelezo umeandika "kijana wa mkokoteni" mara zote. Unalijua jina lake?

---

MuuzaNafaka_Majengo:

Marahaba mwanangu. Swali lako la mwisho lilinilaza macho. Nilikuwa silijui. Miaka minne ananibebea, namwita "wewe" au "kijana". Nilimuuliza muuza nyanya jirani, akaniambia bila hata kufikiri.

Jumamosi mzigo uliingia. Ushauri wa Mzee niliogopa sana, nikiri hapa. Nilifika na uji kwenye chupa, nikanywa kwanza, kwa sababu mkulima wa Bihawana amenifumbua macho: siku za lori huwa nimeamka saa 9 usiku na tumboni hamna kitu mpaka saa 5. Wakashusha magunia yote. Watu wale wale walikuwepo, muuza nyanya, wapakuaji, mama wa chai. Nikamwita kwa jina. Aligeuka haraka kama mtu aliyeshtuliwa. Nikamwambia mwezi uliopita nilikutukana hapa, nikamtukana na mama yako ambaye hakunikosea lolote, na choroko zilikuwa choroko tu. Naomba unisamehe. Mama wa chai aliacha kumimina.

Alisema, "Sawa mama." Akashika mkokoteni akaondoka na mzigo wa mtu mwingine.

Nilitarajia zaidi, sitawadanganya. Jioni nilimpa ile nusu, nikamwambia ni deni lako. Alihesabu, akaweka mfukoni. Bado haniangalii vizuri, na sidhani ni haki yangu kumharakisha.

Nyumbani niliwaambia watoto wakati tunakula mlenda. Binti yangu aliacha kula, akauliza, "Watu walikuwepo?" Nikasema walikuwepo. "Wale waliocheka?" Nikasema ndiyo, hao hao. Akanyamaza sana. Halafu akamsogezea mdogo wake bakuli la mboga bila kuambiwa, na mimi nikajifanya sijaona.

Mzee, nimenunua kigoda kwa fundi wa pale Sabasaba, nimekiweka chini ya mzani. Jana nimekikalia mara mbili. Mara ya tatu, mteja alirudisha karanga akidai zina mchanga, nikamjibu nikiwa nimesimama, na nilimjibu vibaya. Jina lake nalijua, anakaa Chang'ombe. Kesho nikifunga meza nitapitia kwake.