Wito uliofika siku mbili kabla ya kutajwa kwa shauri

Habari za leo, wanajukwaa. Ndugu yangu wa Kongwa anadaiwa fedha za mauzo ya alizeti katika Mahakama ya Wilaya, lakini wito na hati ya madai vimemfikia siku mbili tu kabla ya tarehe ya kutajwa, ilhali shauri lilifunguliwa zamani. Je, amekwisha kupoteza haki ya kujitetea?

Jibu la kwanza:
Hapana, ndugu. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi huanza kuhesabiwa tangu alipopokea wito, si tangu shauri lilipofunguliwa. Ndiyo maana tarehe aliyoandika alipotia saini ina uzito mkubwa, kwani msambaza nyaraka naye huieleza katika kiapo chake. Hata hivyo ahudhurie siku hiyo, maana asipoonekana mahakama yaweza kuendelea upande mmoja.

Jibu la pili:
Naongeza kwamba muda ukimpita anaweza kuomba nyongeza ndani ya siku 7 baada ya kwisha kwake, akitoa sababu ya msingi, na mahakama yaweza kumpa siku 10 nyingine. Hayo hayahusu Mahakama ya Mwanzo, yenye kanuni zake. Inaniuma kuona watu wa vijijini wakihukumiwa bila kusikilizwa kwa sababu karatasi ilikaa kwa mtu mwingine. Ikitokea hivyo, aombe hukumu itenguliwe mapema.