Tupeane uzoefu: wapwani mlioendesha gari na mwenzako milimani kwenye theluji

Binti Kizingo
Asalaam aleikum na habari zenu nyote. Natafuta visa vya watu wetu wa Mombasa, mke na mume, walioshika usukani wenyewe huko milimani kwenye theluji, si wale wa kupakiwa kwa basi la watalii. Naanza na changu.

Mwaka jana mwezi wa kumi nlimfuata bwanangu Denver, jimbo la Colorado kule Marekani, yuko masomoni kule. Ndo vuli yao, lakini msidhani ni vuli yetu hii ya mvua ndogo, kule miti ndo yabadilisha rangi. Kuna mti waitwa aspen, shina jeupe kama limepakwa chokaa, majani yake yakigeuka yawa rangi ya dhahabu tupu na upepo ukipita kidogo tu yote yatetemeka kwa pamoja, mlima mzima. Nlilia kwa gari wallahi, nikamwambia Mungu fundi.

Sasa shida ni hii, ukipanda juu hewa yawa nyepesi, na Denver yenyewe iko mita 1,600 juu ya bahari, na mimi nimezaliwa Kizingo, nyumba yetu ukifungua dirisha wasikia mawimbi. Tulikaa siku mbili tu tukapanda barabara ya I-70, tukapita lile tundu la Eisenhower waliotoboa mlima, pale mko mita 3,400 na mko ndani ya gari mwaendesha kama mwaenda Nyali. Pakiti ya krisps ilikua kwa kiti cha nyuma ikafura mpaka ikapasuka paa! tukaruka sote wawili. Kumbe ndo kichwa changu pia kilikua chafura vile. Tukalala mji waitwa Leadville, zaidi ya mita 3,000, sikulala, kichwa chagonga, natapika, nikipanda ngazi tatu nahema kama nimekimbia toka Mama Ngina. Bwanangu akanipikia chai ya tangawizi lakini kule maji yachemka kwa digrii 90 hivi, hayafiki 100, chai haikolei, nayo nlikua naitamani hiyo chai jamani.

Usiku theluji ikaanguka. Mvua ya kwetu yajitangaza kwa mabati, hii haina sauti kabisa, waamka tu wakuta dunia imefunikwa shuka.

Asubuhi tulikua twende Aspen kupitia Independence Pass, barabara inayopanda mpaka mita 3,687, hoteli kule ishalipiwa. Tukafika Twin Lakes, geti limefungwa kwa sababu ya ile theluji. Yeye akataka tungoje, pengine watafungua mchana. Mimi nikamwambia naomba tushuke, siwezi tena. Akaniangalia uso muda mrefu, hakusema neno, akageuza gari. Kuzunguka ni kilomita 200 na kitu badala ya kama 95, na hakuninung'unikia hata mara moja njia nzima. Tukashukia Glenwood Springs, pale kuna bwawa la maji moto yatokayo ardhini, lipo tangu 1888, kile kidimbwi kidogo ni kama digrii 40. Kichwa kikaachia saa ile ile tuko chini. Nimekaa kwa maji mpaka shingoni, theluji yaniangukia nywele, nikamshika mkono nikamwambia ahsante kwa kugeuza. Mpaka leo kile kitendo ndo nakikumbuka zaidi ya milima yenyewe.

Sasa nawauliza, nyinyi mwenzako alipokwambia turudi, ulirudi?

Wa Majengo, Munich
Dada Kizingo mimi sikurudi, na nataka niseme ukweli hapa sababu naona wengi wataficha.

Mke wangu alikuja kuungana na mimi huku baada ya miaka miwili ya makaratasi. Nikataka kumuonyesha Grossglockner kule Austria, ile barabara ya milimani ya kulipia, ilifunguliwa 1935, kilomita 48, kona za kujipinda 36 na kila kona ina namba yake kwa kibao na mita umefika. Hufungwa mapema mwezi wa kumi na moja mpaka mwezi wa tano, kwa hivyo mwisho wa mwezi wa kumi ndo unaichukua mkiani. Gari la kukodi, na pale ofisini hakuna aliyenitajia taya za magurudumu na mimi sikuuliza, kumbe zilikua taya za kiangazi. Chini jua zuri, majani mekundu na manjano, mke wangu amejifunga leso juu ya koti anapiga picha. Kufika kona za juu ukungu, halafu theluji kavu yapita barabarani kama mchanga. Akasema baba fulani turudi. Nikasema bado kidogo. Akasema tena. Nikasema nimekaa huku miaka, naijua.

Kona moja gari likaanza kurudi nyuma. Nimekanyaga breki mpaka mwisho na gari larudi lenyewe polepole, upande wa kushoto hakuna kitu, ni hewa. Liligusa rundo la theluji la kando likasimama. Mke wangu hakupiga kelele, alikua anasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini. Jamaa mmoja wa pale akatushusha kwa gari lake, letu likavutwa kesho yake.

Nlimuomba msamaha usiku ule na bado namuomba. Yeye alitoka Mombasa hajawahi ona theluji, na macho yake yaliona hatari kabla ya yangu. Sai tukisafiri tuna makubaliano, mmoja akisema turudi hakuna mjadala, tunageuza kwanza maneno baadaye.

Fundi Changamwe
Pole kaka, alhamdulillahi mko wazima. Niongeze hapo kwa taya sababu watu hudhani tofauti ni zile nakshi tu. Mpira wenyewe ni tofauti. Taya ya kiangazi baridi ikishuka chini ya digrii 7 huanza kuwa ngumu, haishiki lami hata kama hakuna theluji. Ya theluji mpira wake wabaki laini na ina vijikato vyembamba vingi vya kuuma. Na four wheel isiwadanganye, itakusaidia kuondoka lakini kusimama magari yote yasimama kwa taya. Austria taya za baridi ni sheria kuanzia 1 Novemba mpaka 15 Aprili barabara ikiwa na theluji au barafu, na kule Colorado kwa dada kile kipande cha I-70 cha milimani kuanzia Septemba mpaka Mei lazima uwe na taya za kufaa au ubebe cheni za kufunga kwa taya. Ukikodi gari shuka uangalie ubavu wa taya, kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani.

Mteremkoni shuka na gia ndogo, breki iguse tu. Daraja huganda mapema kuliko barabara sababu baridi yapita juu na chini, wewe waona lami nyeusi imelowa kidogo kumbe ni barafu. Gia ndogo mwaweza kufanyia mazoezi hapa hapa, pandeni Wundanyi kutoka Mwatate mshuke na gia ya pili.

Tudor 4
Mimi na mchumba wangu inshallah twafunga ndoa mwezi wa tisa, twafikiria Colorado hiyo hiyo. Dada Kizingo kichwa ulifanyia nini ama ni kuvumilia?

Binti Kizingo
Mashallah hongereni! Usivumilie mdogo wangu. Kaa kwanza mji wa chini siku mbili tatu, panda kidogo kidogo, kunywa maji, na kichwa kikizidi dawa ya kweli ni kushuka. Ongea na daktari kabla ya safari, kuna vidonge. Na wewe kaka wa Majengo, ahsante kwa kusema.

Mama Swabra
Wanangu nimesoma zote. Sisi hatukufika Ulaya, yetu ilikua Lesotho. Binti yetu alikua anasoma Bloemfontein, Afrika Kusini, tukaenda kumuona mwezi wa tano, kule ndo vuli yao yaisha. Babake Swabra alikua dereva wa lori, Mombasa Malaba Kampala miaka ishirini na sita, na mimi katika miaka yote hiyo sikuwahi kukaa na yeye kwa gari siku nzima. Yeye alikua barabarani mimi nyumbani na watoto. Kwa hivyo alipoazima gari akasema twende tukaone nchi ya milima nikaona hii ndo siku yangu.

Lesotho nchi nzima iko juu, hata pale chini kabisa ni mita 1,400. Tukaingilia Butha-Buthe tukapanda Moteng Pass, mita 2,820, kona juu ya kona. Wachungaji wamejifunika mablanketi mazito wamesimama na kondoo, miti ya mipopla mabondeni manjano kabisa, juu weupe. Nikamuona mume wangu akiwa kazini kwa mara ya kwanza. Haongei, redio amezima, mkono mmoja kwa gia, anaisikiliza injini. Nikaelewa kwa nini alikua akija nyumbani ananyamaza siku ya kwanza.

Juu kule kukawa na barafu barabarani, akasimamisha gari akashuka, akaikanyaga na kiatu, akarudi akaniambia mama Swabra tunaishia hapa. Sikuuliza. Kisha akachukua thamosi yetu ya chai, akamwaga chai iliyobaki, akaijaza theluji akaishindilia na kijiko. Za wajukuu, akasema. Tukaiweka kwa begi la kuingia chini ya ndege.

Kufika nyumbani Kisauni ni maji, bila shaka. Akawapanga wajukuu kwa baraza akawamiminia viganjani mmoja mmoja, akawaambia haya yalikua meupe juzi. Mdogo akanawa uso nayo. Mzee amefariki mwaka wa tatu sasa, ile thamosi ninayo, natilia kahawa kila alfajiri.