Mjadala: Hela za umma zimlipe anayefundisha tovuti bila cheti?

Fundi wa Langoni

Asalaam aleikum wadau. Natengeneza tovuti hapa Amu (Lamu) mwaka wa tisa sasa, na cheti sina. Vijana sita huja barazani kwangu baada ya Alasiri kujifunza, kwa ada ndogo. Juzi mzazi mmoja alikwenda kuombea mwanawe msaada wa karo ili anilipe, akaambiwa hela za umma haziendi kwa mtu asiye na karatasi. Je, ni haki? Mimi nasema zije.

Nilianzia saiba, nikihesabiwa dakika. Nafungua ukurasa wa watu, natazama msimbo wake, yaani maandishi yanayoujenga, nanakili kwa kalamu kwenye daftari, kisha usiku naichapa upya kwa laptopu ya kuazima isiyo na intaneti. Siku moja ukurasa ukatoka mweupe pe. Nimeandika mistari mia na hakuna hata herufi! Nilihangaika usiku mbili. Kumbe sikufunga alama ya title, na usipoifunga, kivinjari huchukua kila kinachofuata kuwa ni jina la ukurasa tu, kisionyeshe chochote.

Wiki iliyopita binti mmoja akanigeuzia laptopu yake. Mweupe pe, na machozi yamlenga. Nililijua kosa kabla sijakaa. Sikumwambia. Nilimwambia asome kwa sauti kuanzia juu, na kila akifungua alama, kama mlango, aseme imefungwa wapi. Mstari wa nne akaangua kicheko. Msomi wa chuo naye angeliona kosa, tena upesi kunishinda, ila nahisi angelirekebisha mwenyewe akaendelea na somo.

Maalim Mstaafu

Mwanangu, hilo la mwisho ni dhana tu, ondoa. Nimesomesha miaka mingi nami sikuwarekebishia watoto.

Hakuna Mwamu anayemdharau fundi. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na milango yake haikuchongwa na watu wa vyeti. Wala majahazi ya Matondoni. Lakini fundi wa Matondoni alikuwa na mwalimu! Alishika keekee huku mkubwa wake akimtazama mkono, na akikosea ubao alijua siku ile ile. Anayesomesha dini naye huulizwa ijaza yake, idhini ya kusomesha: umesoma kwa nani, na huyo kwa nani. Wewe umesoma kwa nani? Shimo uliloanguka unalijua. Lile ambalo hukuliangukia utawapitisha watoto juu yake, nawe huna habari.

Na sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 haikuandikwa kukuonea. Inataka wakufunzi wasajiliwe ili mzazi ajue pa kushtakia.

Kijana wa Mokowe

Maalim, tovuti ya kwanza kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ilitoka 1991. Aliyeibuni, Tim Berners-Lee, alikuwa na cheti cha chuo gani cha tovuti?

Maalim Mstaafu

Cha tovuti hakuna. Cha fizikia alipewa Oxford. Soma kwanza, baba.

Mhudumu wa Shela

😂😂 Mimi sina upande. Ila nyumba yetu ya wageni ilitengenezewa tovuti na mwenye shahada. Picha ya mbele peke yake megabaiti nane. Mgeni anapanda boti Mokowe, anashuka gatini Amu, picha bado inajivuta.

Bi wa Mkomani

Mie sikutaka kusema, lakini maadamu tumefika hapa. Mmoja wa vijana wa baraza hilo, simtaji, alinitengenezea fomu ya wageni kuweka vyumba. Nzuri, rangi zake zapendeza. Fomu ikaomba nakala ya pasipoti, na nakala zote zikawa zinaingia kwenye folda isiyo na paswadi. Aliyegundua ni mgeni mwenyewe: alibadilisha namba moja mwishoni mwa anwani, akaona pasipoti ya mtu mwingine! Nilitamani ardhi inimeze. Nchi ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na mbele ya sheria hiyo mwenye mzigo ni mimi niliyekusanya, si kijana. Hilo barazani mlifundishwa lini?

Fundi wa Langoni

Bi, hatukufundisha. Sitamtupia kijana, alifanya kama nilivyomwonyesha, na mimi nilifanya kama nilivyonakili. Na si hilo tu. Mwaka mzima nimewapangisha kurasa kwa majedwali, mtindo wa miaka ya tisini, kwa sababu ukurasa nilioukopi mimi saiba ulikuwa hivyo. CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, ipo tangu 1996! Nilikuja kuona kwa simu ya mteja, maandishi kama sisimizi.

Maalim, shimo lako nimeliona. Lakini cheti kingeziba lipi? Ile picha ya megabaiti nane iliwekwa na mwenye shahada. Basi nabadilisha ombi langu. Hela zisilipwe mwanzo, wala kwangu wala chuoni. Zilipwe kijana akishatoa kazi, ikafunguliwa kwa simu ya bei ya chini na bando dogo, na ikakaguliwa na mtu asiyekula kwangu.

Maalim Mstaafu

Hapo umeanza kusema. Lakini mtoto wa maskini atasoma kwa hela gani huku akingoja kulipiwa mwisho? Na huyo mkaguzi nani atamkagua?

Kijana wa Mokowe

Mimi nauli ya boti tu yanishinda, na hapo mwasema nilipiwe nikimaliza.

Bi wa Mkomani

Mtajibizana hadi Ramadhani. Folda yangu iko wazi hadi sasa hivi ninavyoandika. Fundi, kesho baada ya Alasiri naja barazani na laptopu, na huyo kijana awepo. Maalim nawe njoo, ukae karibu umtazame mkono.