Kwa nini watafiti wa magonjwa ya neva wanashughulika na RNA ilhali mabonge ni ya protini?

Mwanafunzi_Biokemia:
Wanajamvi, naomba kueleweshwa. Tunafundishwa kwamba magonjwa yanayoua seli za neva taratibu, kama vile Alzheimer, Parkinson na ALS (unaoua neva zinazoendesha misuli), huambatana na mabonge ya protini yanayoonekana kwa hadubini. Lakini kila nikisoma kuhusu kazi za wanabiolojia wa molekuli, nakuta wamezama kwenye RNA, yaani nakala ya maelekezo ya jeni: inavyokatwa, inavyounganishwa na inavyosafirishwa. Ikiwa kinachoonekana ni protini, RNA inaingiaje hapo?

Mkaa_Maabara:
Ndugu, chukua mfano wa ALS. Mwaka 2006 ilibainika kwamba mabonge yaliyomo ndani ya seli za wagonjwa wake wengi, pamoja na wagonjwa wengi wa demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, yana protini iitwayo TDP-43. Protini hii, yenye asidi amino 414, kazi yake ni kushika RNA, hasa mahali ambapo herufi zake za kikemikali U na G zinafuatana kwa kurudiarudia, na makazi yake ya kawaida ni ndani ya kiini cha seli. Kwa mgonjwa, hutoweka kwenye kiini na kurundikana nje yake. Ukiitazama seli kama hiyo kwa rangi inayoonyesha TDP-43, unaona mambo mawili kwa pamoja: bonge nje ya kiini, na kiini chenyewe kikiwa kitupu. Kwa miaka kadhaa macho ya wengi yalikuwa kwenye bonge, ingawa kwa maoni yangu ule utupu ndio uliostahili kuulizwa kwanza.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha madhara ya utupu huo. mRNA, yaani RNA inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, inapotayarishwa, introni (vipande visivyohitajika) hukatwa na kutupwa, kisha eksoni (vipande vinavyobaki) huunganishwa. Ndani ya introni kuna vipande vinavyofanana sana na eksoni, na TDP-43 huvizuia visichukuliwe. Ikikosekana, eksoni hizo fiche hupenya hadi kwenye mRNA iliyokamilika, sawa na maneno aliyoyafuta mhariri yanapochapishwa kwa sababu mhariri hayupo kazini.

Mfano ulio wazi zaidi ni jeni ya STMN2, inayotoa protini ya stathmin-2, ambayo neva huihitaji ili kuotesha upya aksoni (mkia wake mrefu unaopeleka ishara) iliyoumia. Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba TDP-43 ikipungua, kipande fiche kilichomo katika introni ya kwanza huingizwa kikiwa na ishara ya kukatisha ujumbe papo hapo. mRNA hutoka fupi, na stathmin-2 hupungua sana.

Hoja_na_Ushahidi:
Nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia kwa sehemu kubwa, ila nisingependa mabonge yaachiliwe kirahisi namna hiyo. TDP-43 iliyonaswa ndani ya bonge hairudi kiini kwa urahisi, kwa hiyo bonge linaweza kuwa ndilo linaloendeleza upungufu. Aidha, kuna wagonjwa ambao RNA yao yenyewe ina kasoro tangu mwanzo: katika jeni ya C9orf72, kama ilivyogunduliwa mwaka 2011, herufi GGGGCC hujirudia mamia hata maelfu ya mara, nayo RNA inayotokana nazo hurundikana ndani ya kiini na pia kusomwa kimakosa, ikatoa protini ambazo seli haikuzihitaji.

Niongeze kwamba eksoni fiche ya STMN2 haipo kwa panya wa kawaida. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii imefanyika kwenye neva za binadamu zilizooteshwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuzwa kuwa aina nyingine za seli.

Mwanafunzi_Biokemia:
Ahsanteni sana, wakuu. Je, elimu hii imezaa dawa yoyote?

Mkaa_Maabara:
Imezaa, ingawa si kwa wagonjwa wengi wa ALS. Nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaotokana na uti wa mgongo, hushikamana na RNA ya jeni ya SMN2 na kuifanya seli isiiruke eksoni ya 7. Tofersen, iliyoidhinishwa mwaka 2023 kwa ALS inayotokana na mabadiliko ya jeni ya SOD1, husababisha mRNA ya jeni hiyo ivunjwe. Zote mbili hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo. Lakini wenye mabadiliko ya SOD1 ni takriban 2% tu ya wagonjwa wa ALS, na kwa kawaida hao hawana mabonge ya TDP-43.

Kwa waliobaki, wazo ni kuzifunika eksoni fiche zenyewe, katika STMN2 au katika jeni nyingine, UNC13A, ambayo uhusiano wake na TDP-43 ulielezwa mwaka 2022. Mashaka yangu ni kwamba TDP-43 inasimamia jeni nyingi, na kuirekebisha moja huenda kusitoshe.

Hoja_na_Ushahidi:
Hapo muda wa kuanza tiba utakuwa na uzito zaidi kuliko jeni itakayochaguliwa. Mwaka 2024 ilionyeshwa kwamba kipande cha protini kinachotokana na eksoni fiche ya jeni ya HDGFL2, ishara ya kukosekana kwa TDP-43, kinaweza kupimwa katika maji ya uti wa mgongo, hata kwa baadhi ya watu wenye kasoro ya C9orf72 ambao bado hawajaonyesha dalili.